Makosa Yako ya Kiingereza Yana Mpangilio

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wazazi na walimu wao

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi vijana wetu: asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya sarufi na msamiati wa Kiingereza kuelekea mtihani wa taifa. Nitazungumza kwa Kiswahili, na ni kwa makusudi. Ninataka kila mmoja alielewe jambo hili mpaka ndani, na wazazi waliokaa hapa wana kazi katika jambo hili, hawakuja kutazama.

Nianze na neno ninaloliamini kuliko yote nitakayosema leo. Makosa yenu ya Kiingereza hayatokei ovyo. Yana mpangilio, na mpangilio huo unatoka kwenye Kiswahili chenu kizuri. Mwanafunzi wa Songea, wa Bukoba na wa Pemba, ambao hawajawahi kuonana, wanakosea sentensi zilezile kwa namna ileile. Si kwamba wote watatu ni wazito. Wote watatu wanafikiri kwa lugha moja, na lugha hiyo ina kanuni zake. Anayejua mahali Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia anajua pia mahali mtihani utakapombana. Huyo anaweza kukaa hapohapo akafanya mazoezi, badala ya kuhangaika na kitabu kizima kuanzia jalada.

Wengi wenu mmesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Mkaingia kidato cha kwanza, mkakuta Baiolojia, Jiografia, Historia na Hisabati vyote vimegeuka Kiingereza, na mkatakiwa kwenda na mwendo huo. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba Kiingereza ni somo moja kati ya mengi. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na mwalimu yeyote anayezisoma anajua jambo linalorudi humo mara kwa mara: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, au alijua jibu akashindwa kuliandika. Hayo yanasemwa hata kwenye masomo ya sayansi. Mtoto anaijua mimea, anazijua chembe za damu, lakini sentensi inamkwamisha.

Sasa tuingie kazini. Kuna sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiingereza aliyeko hapa ameshaisahihisha: "The man whom I saw him yesterday he is my uncle." Mwanafunzi anawekewa alama ya kosa, anaandikiwa "grammar" pembeni, anarudishiwa daftari. Hajaelezwa kitu. Wiki ijayo anaiandika tena.

Hebu tuitazame taratibu. Kiswahili chake ni hiki: "Mtu ambaye nilimwona jana ni mjomba wangu." Ndani ya "nilimwona" kuna "-mw-". Huyo ndiye mtu mwenyewe, anatajwa tena ndani ya kitenzi, na kwa Kiswahili ni lazima atajwe. Mwanafunzi anapovuka kwenda Kiingereza anambeba yule "-mw-" na kumwita "him". Lakini Kiingereza kimeshamtaja kwa "whom", hakihitaji kumtaja tena. Kisha linakuja lile "he". Kwa Kiswahili tunasema "Mjomba wangu alikuja", na "a-" ya mwanzo ni ya lazima hata kama mjomba ameshatajwa. Mwanafunzi anaihesabu ile "a-" kama neno, anaandika "My uncle he came." Ondoa "him", ondoa "he", sentensi imesimama: "The man whom I saw yesterday is my uncle."

Ukishaiona "-mw-" ile, utaikuta mahali pengi. Mtihani unapenda kuwaambia muunganishe sentensi mbili kwa "too... to". Sanduku ni zito mno, siwezi kulibeba. Wengi wenu mnaandika "The box is too heavy for me to lift it." Hiyo "it" imetoka wapi? Imetoka kwenye "-li-" ya "kulibeba". Jibu ni "too heavy for me to lift", basi. Kosa moja, mzizi mmoja, maswali mawili tofauti ya mtihani. Ndiyo maana nasema msisome makosa yenu moja moja kama ajali. Tafuteni mzizi.

Mzizi mwingine, na huu naona ndio unaokula maksi nyingi zaidi kwenye maswali ya nyakati, ni "-me-". Shuleni mmefundishwa kwamba "-me-" ni "has" au "have": nimesahau, "I have forgotten". Kweli. Lakini Kiswahili kinaitumia "-me-" hiyohiyo kueleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi. Amelala: yuko usingizini sasa. Amevaa sare: iko mwilini mwake sasa. Amesimama mlangoni, nimechoka, nimeshiba. Kiingereza hapo kinasema "He is asleep", "She is wearing a uniform", "He is standing at the door", "I am tired", "I am full". Ukiandika "She has worn a uniform" kueleza picha iliyo mbele yako, umekosa swali ambalo ulikuwa unalijua. Halafu kuna upande wa pili. Mtaani tunasema "nimemwona jana" na tunaelewana vizuri. Kiingereza cha mtihani hakikubali. Pakishatajwa "yesterday", "last week", "in 2019" au "two days ago", "have" inaondoka: "I saw him yesterday." Zoezi lake ni rahisi. Andika sentensi kumi za "-me-" kutoka maisha ya nyumbani kwenu, kisha jiulize kwa kila moja: hii ni hali ya sasa, au ni tendo lililokwisha? Na je, muda umetajwa? Ukiweza kujibu maswali hayo mawili bila kusita, hutahitaji kukariri majina ya nyakati zote kumi na mbili.

Niseme wazi kuhusu majina hayo. Nimeona wanafunzi wanaotaja "present perfect continuous" pamoja na kanuni yake kama wimbo, na hawawezi kuandika mistari mitatu kuhusu walichofanya Jumapili. Jina la wakati si maarifa ya wakati. Mtihani hauwaulizi majina, unawapa sentensi yenye pengo.

Twende kwenye "-nge-". Kiswahili ni chenye haki: "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Pande zote mbili zinapata "-nge-". Kwa hiyo mwanafunzi anagawa "would" sawa kwa sawa: "If I would have money, I would buy a bicycle." Kiingereza hakigawi hivyo. Upande wenye "if" unachukua wakati uliopita, na "would" inabaki upande wa pili peke yake: "If I had money, I would buy a bicycle." Na "angalisoma angalifaulu"? "If he had studied, he would have passed." Tena upande wa "if" hauna "would". Lakini tazameni Kiswahili kinavyowasaidia mahali pengine: "Ukija kesho nitakupa kitabu." Katika "ukija" hamna "-ta-". Na katika Kiingereza hamna "will": "If you come tomorrow, I will give you the book." Anayeandika "If you will come" ameacha msaada wa lugha yake mwenyewe. Ninapenda sana mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba Kiswahili si adui wa Kiingereza chenu. Ukikijua vizuri, kinakupa jibu, au kinakuonya mapema.

Kwenye kauli taarifa pia tunaachana. Asha alisema anaumwa. Kiswahili kinaiacha "ana-" ilivyo, kwa sababu tunajua ni maneno ya Asha wakati ule. Kiingereza kinarudisha nyuma: "Asha said that she was sick." Alisema atakuja kesho: "She said that she would come the following day." Na "ingawa" je? Sisi tunasema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja, "although" au "but", visikae pamoja.

Lile swali dogo linalowekwa mwisho wa sentensi nalo lina mtego wake. Kwetu "sivyo?" au "au siyo?" inatosha kwa kila kitu, ndiyo maana mnaandika "isn't it?" kila mahali. Kiingereza kinabadilika kufuata kitenzi: "You live here, don't you?" "Juma hasn't arrived, has he?" Na kuna mawili yasiyofuata njia hiyo, ambayo watunzi wa maswali wanayapenda: "Let us go, shall we?" na "I am late, aren't I?" Hayo mawili karirini, sina ugomvi na kukariri mahali pake. Vivyo hivyo na mazungumzo. Ukiulizwa "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala." Kiingereza kinajibu "No, I haven't." Ndiyo yetu hapo ni "No" yao.

Mengine nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo bali yanajieleza. "A" na "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", "an honest man", lakini "a university". "Information", "furniture", "equipment", "advice", "luggage" na "homework" hazichukui "s", hata kama kwetu tunasema vifaa na mizigo. Nywele zake ni ndefu, lakini "Her hair is long." Tunajadiliana kuhusu jambo, lakini "we discuss the matter", bila "about". Na kwa sababu sisi tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu" kwa kitenzi kilekile, mnaandika "Can you borrow me your pen?" Anayetoa ni "lend", anayechukua ni "borrow".

Haya yote mtayafanyia nini? Nawaomba kila mmoja awe na daftari moja dogo, tofauti na daftari la somo. Liiteni daftari la makosa. Kila mara mwalimu anaporudisha kazi, chukua sentensi iliyokosewa uiandike ukurasa wa kushoto kama ilivyo, na kosa lake. Chini yake andika sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwako ulipoiandika. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi wataiona haina maana, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, maana hapo ndipo utakapoiona "-mw-" yako, au "-me-" yako, ikikutazama. Ukurasa wa kulia andika sentensi sahihi, kisha utunge nyingine tatu za aina hiyo kuhusu mambo ya kweli ya maisha yako: bibi yako, duka la jirani, mechi ya Simba na Yanga. Msichukue sentensi za kitabuni. Sentensi uliyoitunga mwenyewe inakaa kichwani.

Baada ya siku mbili, funika ukurasa wa kulia kwa kiganja, soma Kiswahili, toa Kiingereza chake. Baada ya wiki rudia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri na kusahau, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kabisa, na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanashika kuliko kurundika yote siku moja. Kwa maneno mengine, dakika ishirini kila jioni zinashinda usiku mzima wa kukesha kabla ya mtihani. Kukesha kunakupa macho mekundu na karatasi inayocheza mbele yako.

Kuhusu mitihani iliyopita, ninayo maoni makali kidogo. Naona wanafunzi wakinunua vitabu vya maswali vyenye majibu nyuma, wakasoma swali, wakafungua jibu, wakaitikia kwa kichwa, wakaendelea. Hapo hujafanya mtihani, umesoma tu. Chukua karatasi moja, kaa saa tatu kamili, bila simu, bila jirani. Kisha sahihisha, na kila kosa ulipeleke kwenye daftari lako chini ya mzizi wake. Karatasi moja iliyofanywa hivyo ina faida kuliko kumi ulizozipitia kwa macho. Na msikariri insha ya mtu. Msahihishaji anayesoma mamia ya karatasi anaitambua insha ya kukariri kwenye aya ya kwanza, na mada ikibadilika kidogo tu imekwisha kazi. Andika sentensi fupi ulizo na uhakika nazo. Barua ya maneno mepesi na sarufi safi inapata maksi ambazo barua ya maneno mazito yaliyovunjika haipati.

Msamiati sasa. Wengi mna orodha: neno la Kiingereza, alama ya usawa, neno la Kiswahili. Orodha hiyo ina faida ndogo. Jifunzeni neno pamoja na ukoo wake, na katika hili Mswahili ana uzoefu mkubwa, maana tangu utotoni anajua soma, somesha, somo, msomi, usomaji. Fanya hivyohivyo: "employ", "employer", "employee", "employment", "unemployed". "Compete", "competition", "competitor", "competitive". Ukipewa neno kwenye mabano na kuambiwa ulibadilishe lilingane na sentensi, utajua pa kuingilia.

Kuna kundi moja la maneno ningependa mlijue kabla ya mengine yote, kwa sababu linaamua maksi zenu kwenye kila somo. Ni vitenzi vya maswali. "State" ni kutaja tu, usijaze ukurasa. "Explain" ni kueleza kwa sababu. Ukitaja tu, umepoteza. "Differentiate" inataka pande zote mbili zisemwe. Ukieleza upande mmoja hujatofautisha kitu. "Justify" ni kuthibitisha kwa hoja. "Account for" haina uhusiano na hesabu za pesa, maana yake ni kutoa sababu za jambo. Nendeni kwenye karatasi za Baiolojia, Jiografia na Historia za miaka iliyopita, mvichambue vitenzi hivi vyote, na kwa kila kimoja mwandike kinataka mfanye nini. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na sijui Jumamosi nyingine itakayowalipa zaidi.

Na kusoma. Mkipata gazeti la Mwananchi na The Citizen la siku moja, tafuteni habari moja iliyoandikwa katika yote mawili. Soma ya Kiswahili kwanza, ukijua habari yenyewe, kisha ya Kiingereza. Maneno mapya yatajieleza yenyewe mengi, na utaona mwandishi alivyoiepuka ile "him" na ile "he" ya ziada. Kamusi ifunguliwe mwishoni, kwa yale yaliyogoma.

Walimu wenzangu, neno moja kwa heshima. Tuache kuandika "grammar" pembeni tukapita. Tuandike "whom" na tupige mstari chini ya "him", mwanafunzi aone vimegongana wapi. Na mtoto akisimama akakosea darasani, wenzake wakicheka, tusicheke nao. Wala tusimwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani. Aliyeogopeshwa hafungui mdomo, na asiyefungua mdomo hatujui mzizi wa kosa lake uko wapi, kwa hiyo hatuwezi kumsaidia.

Wazazi wangu, najua wako wanaosema: mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje? Unaweza. Shika lile daftari la makosa. Mwambie akusomee sentensi ya Kiswahili, kisha aitafsiri, nawe uangalie kama analolisema linafanana na lililoandikwa kulia. Muulize, "Kosa hapa lilitoka wapi?" Akiweza kukueleza wewe, ameelewa. Kabla ya kulipia tuisheni nyingine, omba kuliona daftari hilo. Litakuonyesha kama anahitaji tuisheni au anahitaji muda tu.

Na kuhusu muda nitasema bila kuzunguka. Kwenye nyumba nyingi binti akitoka shule anapika, anaosha vyombo, analaza wadogo zake, na kaka yake wa kidato kilekile yuko mezani na taa. Wote wawili wataingia chumba kimoja cha mtihani na karatasi ileile. Gaweni kazi za jioni. Dakika ishirini za binti huyo kila siku, kuanzia wiki hii mpaka Novemba, zilindwe kama mnavyolinda ada yake.

Wanafunzi, karatasi za mtihani wa utamilifu mtarudishiwa keshokutwa. Msizikunje mkazitia mkobani. Njooni na daftari jipya, kalamu mbili, na kila mmoja achague sentensi tano alizokosa, aanze nazo ukurasa wa kwanza. Walimu wenu wa Kiingereza watakaa darasani jioni hiyo kuwasaidia kutafuta mizizi. Sasa nipo tayari kwa maswali, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na wazazi waanze.